Kufuli Chini ya Masale

Kificho bila hodi ni uchawi.

Ndivyo nilivyowaambia mlipopita jikoni kwangu na makopo yenu mkononi, mkacheka, mkaniuliza methali hiyo nimeitoa wapi. Mmoja wenu akasema labda ni ya wazee wa zamani sana. Si ya zamani hivyo. Niliisikia ikizaliwa kwa masikio yangu haya, na waliokuwepo siku ile wengine bado wako hai. Wekeni chini hayo makopo mnisaidie kumenya ndizi, maana hadithi hii mikono mitupu haiwezi kuisimulia. Methali hii ilianzia pale ng'ambo ya njia, na ilianza hivi.

Mchezo wenu huu wa kuficha kopo, kuchukua namba za mahali kutoka kwenye satelaiti na kuzitangaza mtandaoni ili watu waje kulisaka, huku kwetu mlimani uliletwa na kijana aitwaye Aminieli. Alizaliwa hapa lakini alikulia Dar es Salaam, akarudi baada ya masomo kuongoza watalii. Alikuwa kijana mzuri, mwenye salamu, ila haraka nyingi. Kifaa chake cha GPS alikinunua kwa kupenda kioo. Kilikuwa kioo kikubwa chenye rangi zote, mpaka picha ya mawingu kilikuwa nayo. Muuzaji alimwonyesha kingine, kidogo na kibaya kwa sura, akamwambia hiki kinashika satelaiti hata chini ya miti, na betri zake hazilali njiani. Aminieli akakikataa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani alimwambia?

Sheria za mchezo alizisoma, hilo nisimsingizie. Zilimkataza kuficha kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa. Sasa huku kwetu hakuna ardhi isiyo ya mtu. Kila unapokanyaga ni kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee humo humo. Aminieli alizunguka mpaka akaona mstari wa masale umesimama kati ya vihamba viwili, yale majani marefu ya kijani tunayoyapanda mpakani. Akajiuliza haya ni ya nani, akajijibu mwenyewe: mpaka si wa huyu wala si wa yule, basi hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiombewi ruhusa. Mgeni kutoka mbali asingekosea hivyo, kwa sababu angeuliza. Anayekosea hivyo ni mwenyeji anayejua nusu. Mpaka una wenyewe wawili, wanangu, na hodi zake ni mbili.

Upande wa chini wa masale yale aliishi Bibi Ndeanasia, mjane, mume wake amezikwa nyuma ya nyumba. Upande wa juu aliishi shemeji yake, Meku Elirehema. Meku ndivyo tunavyomwita mzee, na huyu alikuwa mzee kwelikweli, mkali, na tangu kaka yake afariki alikuwa akisema kile kihamba kinapaswa kurudi kwa wanaume wa ukoo. Mwanawe alikuwa ameoa binti mmoja mpole aitwaye Manka, na ndoa ilikuwa na miaka bila mtoto. Nyumbani kwa mkwewe Manka alikuwa akihesabiwa miezi. Kwa Bibi Ndeanasia alikuwa akipikiwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, akakaa jikoni, akalia akanyamaza, akarudi kwake.

Kopo la Aminieli lilikuwa la bati. Alilipaka rangi ya majani, akalifunga kwa kitambaa cheusi na kamba ili macho ya wapita njia yasilione. Ndani aliweka vizawadi kama mchezo unavyotaka: kifungo cha shati, shanga nyekundu, kioo kidogo, kufuli dogo lililofungwa, na karatasi nyeupe iliyokunjwa ili atakayelipata aandike jina lake. Nje hakuandika kitu, alisema maandishi yatalifichua. Akalisukuma chini ya masale, akafunika kwa majani makavu, akasimama chini ya migomba, akachukua namba za kwanza zilizotokea kwenye kioo, akaondoka. Kesho yake alipanda mlima na wageni.

Mke wa Elirehema ndiye aliyelipata. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe pale mpakani na mundu ukagonga bati. Mimi nilikuwa napalilia kahawa, nikasikia sauti ambayo sijui hata niiite nini, nikatupa jembe nikakimbia. Tulipofika kitambaa kilikuwa kimefunguliwa na vile vitu vimemwagika juu ya udongo. Hakuna aliyetaka kusogea. Shanga nyekundu tuliiona, kioo tukakiona, lakini macho yetu yote yaliishia kwenye kufuli. Huku kwetu na kwingineko mnajua kufuli lililofungwa na kufukiwa lina maana gani. Linamfunga mtu asizae. Na pale nyumbani aliyekuwa amefungwa alijulikana, Manka, na alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji.

Karatasi wakaikunjua. Haikuwa na neno hata moja. Mtu mwenye akili angesema karatasi tupu ni karatasi tupu. Lakini hofu ina akili yake, na mmoja akanong'ona kwamba maandishi yake yanasomwa na wachawi wenyewe tu. Nilirudi nyuma hatua moja. Siwafichi, nilirudi.

Hapakuwa na haja ya kumtaja mtu. Nani alikuwa akimpikia Manka? Nani alikuwa hana mtoto wa kiume wa kumrithi na kihamba chake kinadaiwa? Kufika jioni jina la Bibi Ndeanasia lilikuwa limezunguka kitongoji kizima, na Manka alikatazwa kuvuka masale. Jumapili baada ya ibada ukoo ukakaa. Wakaamua Bibi Ndeanasia arudi kwa kaka zake alikozaliwa, kabla jambo halijaharibika zaidi. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, na alilielekeza kwa shemeji yake.

"Na kaburi la mume wangu nalibeba, au naliacha?"

Elirehema aligeukia upande wa pili. Wengine tulitazama chini, na hiyo ndiyo aibu ya watu wengi, kwamba kila mmoja anamwachia mwenzake aseme.

Aminieli aliposhuka mlimani habari ilimkuta barabarani. Alikuja mbio na mkoba wake mgongoni, kifaa kikining'inia shingoni kwa kamba, akasema kopo ni lake. Akaeleza mchezo, satelaiti, wasakaji, vizawadi. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu Elirehema akasema kila mtu sasa anajua kilichomo ndani ya kopo, kwa hiyo kukitaja si ushahidi, na Ndeanasia si mara moja wala mbili amewapa ndizi vijana wanaoongoza watalii, huenda huyu anamlipa fadhila. Kama kweli, alisema, mashine hiyo ituongoze mpaka pale ulipoficha. Hatukwambii limepatikana wapi.

Aminieli alifurahi. Nakumbuka uso wake ulivyong'aa, alidhani ameokoa mtu. Akawasha kifaa, akasubiri mshale utokee, akaanza kutembea na ukoo mzima nyuma yake. Bibi Ndeanasia alikuwa amesimama uani na kitenge begani, vyombo vyake vimeshafungwa. Mshale ukatupeleka kwenye masale, na mimi nikashusha pumzi. Lakini haukusimama. Ukavuka. Ukapita kati ya migomba, ukamzunguka mama wa watu pale alipo, ukatufikisha kwenye mlango wa jiko lake, na hapo kile kifaa kikalia kwamba tumefika.

Jikoni. Pale pale alipokuwa akipika mtori wa Manka.

Nilisikia mama mmoja akikemea kwa jina la Yesu. Elirehema aliinua mikono kama mtu aliyemaliza kazi, akasema hata chombo chake mwenyewe kimesema. Aminieli alikitikisa kifaa, akakizima, akakiwasha, na safari hii mshale ukaelekea kwenye banda la mbuzi. Nani alikuwa bado anatazama? Alijaribu kueleza kwamba majani ya migomba yanaziba anga, kwamba alipaswa kusimama mahali pa wazi na kusubiri namba zitulie, arudie mara kadhaa, na yeye alichukua mara moja akaenda zake. Maneno ya kweli yote, lakini yalikuja yakiwa yamechelewa. Nilimwona akianza kulia, mwanamume mzima, na bado hajajua la kufanya.

Ni Bibi Ndeanasia aliyesogea. Sisi wote tulikuwa tumekodolea kile kioo chenye rangi. Yeye hakuwa na habari nacho.

"Mwanangu," alisema, "hicho kinachoning'inia kwenye kamba pamoja na mashine yako ni nini?"

Aminieli akajishika shingoni. Kilikuwa kifunguo kidogo cha shaba. Akasema ni cha lile kufuli. Lilitoka kwenye sanduku lake la shuleni, na ufunguo alibaki nao ili ampe atakayelipata kopo kwanza, iwe zawadi kamili. Kwa mshtuko wa kile kifaa kumgeuka alikuwa ameusahau kabisa, na ulikuwa umemgonga kifuani njia nzima.

Bibi akamwambia shemeji yake alete kufuli. Lilikuwa limefungwa kwenye gazeti, linasubiri kupelekwa kwa mtaalamu wa uganga. Elirehema akaliweka chini, hakutaka kulishika. Bibi akamwomba alifungue yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asije kusema amefanyiwa kiini macho. Mzee akarudi nyuma. Yule simba wa ukoo alikiogopa kichuma cha sanduku la shule.

Basi Manka akapita katikati yetu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amevuka masale aliyokatazwa kuvuka, akachukua ufunguo kutoka mkononi kwa Aminieli, akapiga magoti, akauingiza, akazungusha. Kufuli likasema *ta*, likafunguka.

Nimeona mengi, wanangu. Nimezika na nimezalisha. Lakini lile lililofuata sijaliona tena. Manka alibaki amepiga magoti na kufuli wazi kiganjani, akamgeukia baba mkwe wake.

"Nilikuwa nimefungwa na hiki, baba?"

Akainuka, akaingia jikoni kwa Bibi Ndeanasia, akaanza kufungua vile vyombo vilivyofungwa na kuvirudisha mahali pake, kimoja kimoja.

Mnajua desturi yetu. Aliyekosa huja na jani la sale lililofungwa fundo, na sale halikataliwi. Aminieli alikata la kwanza pale pale mpakani, akalileta kwa mikono miwili. Elirehema alikata lake kesho yake, na alikuja nalo akiwa amevaa koti la kanisani. Bibi aliyapokea yote mawili. Lakini kwa kijana alisema neno, na ndilo mliloniuliza.

"Nimekusamehe, mwanangu, sale nimelishika. Ila uchawi ule uliufanya wewe. Hukukusudia, lakini uliufanya. Kificho bila hodi ni uchawi. Ungenipigia hodi ningekuonyesha mahali pazuri zaidi, na ningelilinda kopo lako kama yai."

Msamaha huo haukurudisha kila kitu. Bibi Ndeanasia alikaa kwenye kihamba chake mpaka alipolazwa pembeni ya mume wake, na Manka ndiye aliyemuuguza. Lakini tangu siku ile hakupeleka tena chakula upande wa juu wa masale. Aliyekitaka alivuka, akapiga hodi, akala. Elirehema mwenyewe alizeeka bila kuonja tena mtori ule, na mimi simwonei huruma sana. Watu huniuliza kama Manka alipata mtoto. Nami huwa nawauliza kwa nini katika hadithi yote ile hawakusikia kingine.

Aminieli hakuuacha mchezo. Kile kioo chake cha rangi alikiuza, akanunua kale kadogo kabaya, na kabla ya kukaamini alikapeleka kwenye jiwe la wapima ardhi lililo karibu na kanisa, ambalo mahali pake panajulikana, aone kama kanasema kweli au kanadanganya. Makopo yake yote baadaye yalikuwa ya plastiki inayoonyesha ndani, na juu yameandikwa kwa Kiswahili kikubwa: huu ni mchezo, mwenye shamba anajua. Na wenye mashamba walijua kweli, kwa sababu alikuwa amekaa kwao akanywa chai.

Haya, ndizi zimekwisha. Nimewaona mkitupia jicho ule ukuta wa mawe wa Mzee Shirima, na najua mlishapachagua mahali. Mko sita na vifaa vitatu, hodi hamna hata moja. Kopo lenu mmelifunga kitambaa cheusi, kifungueni. Halafu mmoja wenu atangulie, asimame getini, aite mpaka aitikiwe karibu, amwamkie shikamoo, ndipo atoe hilo kopo kwa mikono miwili. Akikataa, mrudi na kopo lenu, mtafute kwingine. Maana kificho bila hodi ni uchawi, na mimi magoti yangu hayana tena nguvu za kukimbilia kelele.