Gari Lililopimwa Likiwa Limezimwa

Wapendwa, wekeni Biblia zenu magotini kidogo, leo nawapeleka gereji. Msiojua magari msiogope. Hata mimi mchungaji wenu najua kujaza mafuta na kupiga honi tu.

Kulikuwa na mkunga mmoja huko milimani, mwanamke wa shoka hasa. Alikuwa na gari lake dogo la otomatiki, lile la kuweka D na kwenda, na gari hilo lilikuwa limebeba wajawazito wengi kuliko gari lolote la upande ule. Barabara ikiwa tope, anashuka nao hospitali. Mvua ikinyesha, anashuka nao. Wako watoto kule mlimani walioitwa jina lake, na mmoja, maskini, ameitwa jina la gari. Mnacheka? Mwanamke kama huyo akipita mbele yangu, mimi navua kofia.

Sasa gari likaanza visa. Anaweka D, injini inanguruma, gari linasita kana kwamba linafikiria, halafu linaruka mbele. Kwenye tambarare linakwenda. Likianza kupanda, linavuma tu na haliendi. Na kule juu kabisa, nyumba ya mwisho, alikuwepo binti mwenye mimba ya mapacha, miguu imevimba, aliyeahidiwa kufuatwa siku ile ile kabla jua halijazama.

"Mama, uchungu ukinikuta huku juu, nakufa," binti alikuwa amemwambia. Mkunga alijua kwamba hayakuwa maneno ya woga.

Akakimbilia kwa fundi wake, mtu anayemwamini. Fundi akafunua boneti atafute stiki ya kupimia oili ya giaboksi. Stiki hakuna. Magari mengine ya siku hizi hayana. Yana bolti tu ubavuni mwa giaboksi, kule chini ya gari. Ukiifungua, oili ikichuruzika, inatosha. Isipotoka, imepungua. Basi fundi akazima gari, akaingia chini, akafungua ile bolti. Oili ikamwagika mpaka ikamlowesha shati.

"Mama, umejionea mwenyewe?" akasema huku anaifunga haraka. "Limejaa linafurika! Oili si tatizo. Hii giaboksi tuishushe, tuifumue. Uniachie gari mpaka wiki ijayo."

Wiki ijayo! Ninyi mnawajua mapacha wanaosubiri wiki ijayo? Mkunga alisimama akiitazama ile oili chini, roho inamuuma, anaiona ile nyumba ya mwisho na yule binti ameketi mlangoni akisikiliza kama kuna gari linapanda. Halafu akauliza swali, na swali lenyewe ndilo lililonifanya nimpende.

"Fundi, umelipima likiwa limezimwa?"

"Ndiyo, mama. Ya injini tunapima hivyo hivyo miaka yote."

"Na linaumwa wakati gani?"

"Si umesema likipanda?"

"Basi nisikilize, baba. Mjamzito akija kwangu akasema akisimama anaona kizunguzungu, simpimi presha amelala nikamwambia nenda nyumbani, u mzima. Namsimamisha. Nampima pale pale ugonjwa unapomkamatia."

Wengine tungekasirika hapo, au siyo? Tungesema mama, wewe zalisha, gari niachie mimi. Lakini mtu yule, Mungu ambariki, alijipiga kofi kwenye paji la uso na kuacha alama ya oili.

"Mama, mazoea yameniponza! Haya yasiyo na stiki yanapimwa injini ikiwaka. Likizimwa, oili iliyokuwa inazunguka huko juu inarudi yote kulala chini. Ndiyo hiyo iliyonimwagikia. Hapa nimepima usingizi."

"Haya, sasa pima kazi," mkunga akasema.

Wakalinyanyua gari mbele na nyuma, likakaa sawasawa juu ya stendi. Mkunga akawasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia moja baada ya nyingine, taratibu, R, N, D, kisha akarudisha P. Fundi akachomeka kimashine chake cha kusoma joto.

"Bado kidogo," akasema. "Oili inatakiwa iwe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea kichanga."

"Hayo nayajua," mkunga akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka siku ile.

Joto lilipofika, injini inawaka, fundi akafungua bolti ile ile. Kimya. Halikutoka hata tone. Gari lililofurika likiwa limelala, lilikuwa kavu likiwa kazini! Akatafuta, akakuta mpira mmoja wa kupitishia oili unatoa jasho kwenye kiungo, akaukaza. Kisha akajaza kwa pampu ya mkono kupitia tundu lile lile, akajaza, akajaza, mpaka oili ikaanza kuchuruzika yenyewe kama uzi mwembamba. Hapo akafunga.

Jua lilikuwa bado halijazama gari lilipofika nyumba ya mwisho. Binti alilisikia toka mbali likipanda bila kuvuma, akaanza kulia kwa furaha. Mapacha walizaliwa hospitali, wazima wote na mama yao.

Sasa, wapendwa, sisi. Hapa tulipo injini inawaka au imezimwa? Tumekaa. Sakafu ni tambarare. Kwaya imetubembeleza. Mtu akitufungua bolti saa hii tutamwagika: machozi, amina, haleluya. Na mimi nitafurahi, nitasema kanisa langu limejaa linafurika, kumbe na mimi nimepima usingizi. Mlima wetu hauko humu ndani. Uko kwa mama mkwe. Uko kwa jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, na kwa mgonjwa wa nyumbani anayeita kila tukitaka kukaa. Pale ndipo tunapovuma na hatuendi. Je, pale, injini ikiwaka, tukifunguliwa, kinachuruzika nini?

Msikate tamaa. Mkunga alipoona limekauka hakulisukumia bondeni. Alilipima ili lijazwe. Mungu wetu naye ndivyo alivyo, hapimi ili atutupe. Lakini hajazi gari lililozimwa, ndugu zangu.

Nilipanga tumalize kwa ule wimbo mnaoupenda. Hatuuimbi. Tukiuimba tutajiona tumejaa. Simameni, nendeni makwenu, mkawashe. Na nikija kuwatembelea sitauliza nani alilia ibadani. Nitamwuliza mama mkwe.