Beberu wa Mzee Shemdoe

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kamera ilikwisha kujua njia ya kuingia tumboni kwa kitovu, palikuwa na daktari wa upasuaji aliyeitwa Mbonde. Alikuwa bingwa. Nani alisema? Yeye mwenyewe.

Akaletewa Mzee Shemdoe, anajikunja kwa mawe ya nyongo. Mkewe, Bi Hadia, akasema, "Daktari, maumivu yako kushoto. Na moyo wake unapiga kulia. Kifua hicho nimekilalia tangu usichana wangu."

Mbonde akacheka. "Mama, nyongo iko kulia kwa kila mtu."

Lakini msaidizi wake, Daktari Zawose, akampiga mzee picha: ini kushoto, nyongo kushoto, moyo kulia. Mzee mzima kapangwa kinyume! Mbonde akakimeza kicheko chake, na hakikushuka vizuri.

Siku ya upasuaji bingwa akahamia upande wa pili wa kitanda. Akatoboa matundu madogo, akaingiza kamera na vyuma. Mikono yake ikagongana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Mkasi ukafika kwenye mrija. Jicho likasema kata, moyo ukasema ngoja. Akasita, akatazama tena. Kumbe ule si mrija mdogo wa kukatwa, ndio mrija mkuu wa nyongo. Ukikatwa, mzee haioni Ijumaa!

"Zawose, shika wewe," akasema. "Kwa mkono wa kushoto."

Zawose alizaliwa na mashoto, na Mbonde huyuhuyu ndiye aliyezoea kumkemea mbele ya wanafunzi: "Mkono huo ni wa msalani, si wa kupasulia!" Basi mkono wa msalani ukabana, ukakata, ukaitoa nyongo na mawe yake yote.

Mzee alipopona akaleta beberu mmoja. "Ni wa aliyeniokoa," akasema.

Bi Hadia akadakia, "Ni wangu. Bila sikio langu wangeitafuta nyongo hadi Iddi."

"Ni wangu," akasema Zawose. "Sikio halikati, mama. Mkono huu ndio uliokata."

Mbonde akakohoa kwa aibu. "Ni wangu. Mimi nilisita. Kwa mtu mwenye majivuno kama yangu, kusita ni kazi nzito kuliko kupasua."

"Mkuu, unadai zawadi kwa kazi ambayo hukuifanya?" akauliza Zawose.

"Naam. Na ndiyo kazi yangu bora tangu nianze udaktari."

Haya, wenzangu, amueni upesi, beberu ameanza kutafuna pazia la wodi. Je, apewe nani?