Namba ya Kumfungulia Punda

Punda mlafi wa Bi Siwema alikula mahindi ya Mangungu, tajiri wa mashine ya kusaga, akafungwa kambani.

"Nitaandika namba," Mangungu alisema. "Ikigawanyika kwa kumi na tatu bila kubaki kitu, mchukue."

"Tarakimu tatu tu, bwana! Ukizirudia ikafika malaki, utaniua!" Siwema alimsihi.

Tajiri alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akaandika ukutani kwa chaki 647, kisha akazirudia makusudi: 647647.

Siwema aliguna, akagawanya. Akapata 49819, hakikubaki kitu.

"Bahati tu!" Mangungu alifoka.

Siwema alikuwa ameshampanda punda, kicheko kimembana mbavu.

"Bahati gani, baba? Tarakimu tatu zozote ukizirudia, kumi na tatu haibakizi kitu. Jaribu nyingine, ila safari hii weka ng'ombe!"