Shija Anamfuata Nani?

Nimewaletea fundo. Kulifungua si kazi yangu, maana limenishinda. Wiki ya tatu hii nalala nalo, naamka nalo. Sogeeni, na asiyetaka ubishi aondoke sasa hivi.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, wakisomea elimu ya uhalifu na haki za watoto waliokinzana na sheria. Tumsifu, kijana wa Moshi, alijaliwa jicho: mpe jalada la kesi, atakuonyesha palipojificha uongo. Kokushubila, binti wa Bukoba, alijaliwa subira: angekaa na mtu kimya mpaka kimya kimchoshe yule mwenzake. Sikudhani, binti wa Lindi, alijaliwa ung'ang'anizi: ukimfungia mlango, atakusubiri utoke kuchota maji. Mwalimu wao aliwasifu mno, na mgema akisifiwa mnajua wenyewe.

Wakapelekwa Shinyanga kwa mafunzo ya vitendo. Huko, mahabusu ya wanawake, wakamkuta msusi mmoja, Shija. Alishtakiwa kummwagia mteja maji ya moto ya kuchovyea rasta. Mteja aliungua mkono vibaya. Shija alisema birika lilimponyoka. Hati ya mashtaka ilimwandika miaka kumi na tisa. Yeye alisema kumi na saba. Kesi ingeanza Ijumaa, na bila ushahidi wa umri angehukumiwa kama mtu mzima na kufungwa na watu wazima. Siku waliyomkuta ilikuwa Jumatatu.

Jioni ile ile Tumsifu alilichambua jalada. Penye umri hapakuwa na cheti wala kiapo. "Wamemkadiria kwa macho," alimwambia mwalimu. "Kwa macho, mimi nina arobaini!" Bila yeye, nani angejua kwamba kuna la kutafuta?

Jumanne Kokushubila aliingia na dodoso. Jina? Shija. Umri? Kumi na saba. Cheti? Hana, alizaliwa nyumbani. Mama anaitwa nani? Hapo Shija alikataa kumtaja. Hakutaka mama ajue yuko ndani. Jumatano Kokushubila aliliacha dodoso nje. Wakakaa tu, saa nzima, huku Ijumaa inakuja mbio. Ningekuwa mimi ningepiga kelele.

Mwishowe Shija akasema, "Dada, mmeniandika Shija mara nne. Mbona hakuna anayeuliza Shija anamfuata nani?"

"Anamfuata nani?"

"Kulwa na Doto. Kwetu Wasukuma, anayezaliwa baada ya pacha ndiye Shija. Wenzangu walikufa kwa surua, mimi bado nanyonya. Lakini wao walizaliwa zahanati, na kadi zao za kliniki mama anazo."

Akataja kijiji. Wasomi watatu, na jina walilichukua kama jina tu! Kuuliza si ujinga, lakini dodoso lao liliuliza lilichotaka lenyewe.

Alhamisi asubuhi Sikudhani alikuwa uani kwa Mama Kulwa, maana ndivyo yule mama anavyoitwa mpaka leo. Alilia aliposikia habari za Shija, lakini kadi akakataa.

"Hizo hazitoki humu ndani. Ndizo zilizobaki za wanangu."

"Mama, na Shija amebaki."

Mama akarudi kwenye karanga zake; sanduku la kadi lilikuwa pale mlangoni. Sikudhani hakuondoka wala hakuligusa sanduku. Alivuta ungo, akaanza kumenya karanga naye. Jua lilipopinduka, mama aliinuka, akafungua sanduku, akazifunga kadi katika pindo la kanga. "Twende," alisema, "lakini nazishika mwenyewe."

Ijumaa mama aliapa, hakimu akazisoma kadi. Kulwa na Doto wangetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita. Aliyewafuata atapataje kumi na tisa? Kesi ikahamishiwa mahakama ya watoto, na Shija akatoka kwa dhamana ya mama yake.

Ndipo balaa lilipoanza. Shirika moja lilitoa nafasi ya masomo, ngazi yoyote, kwa aliyewezesha umri ule ujulikane. Nafasi moja!

"Nisingeona kosa, mngetafuta nini?" akasema Tumsifu.

"Na nisingekaa, mngetafuta wapi?" akasema Kokushubila.

"Na bila kadi mngempa hakimu hadithi," akasema Sikudhani.

Shija alikuwa mlangoni na mama yake, wamekuja kushukuru. "Mimi nilifaulu kidato cha nne," alisema taratibu. "Nilitaka kusomea ustawi wa jamii."

Tumsifu akacheka. "Lakini wewe ndiye uliyesaidiwa!"

"Ndiyo, kaka. Ila jina langu niliwatajia tangu Jumatatu. Nilikuwa nasubiri swali."

"Na jina la mama je? Si ulilificha?" akasema Tumsifu.

Shija akainamisha kichwa. "Nililificha." Mama yake akamshika mkono, na hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu akasema ataamua wiki ijayo. Wiki ikapita, na nyingine. Mwalimu huyo ni mimi. Dodoso lile nililitunga mimi, na naona aibu. Barua ya nafasi ninayo hapa, pa jina pako wazi, na kesho saa nne wanaitaka. Nishikieni kalamu hii. Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?