Picha Mbili za Ubongo

Wapendwa, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, karani mstaafu wa wilaya, aliyeanza kazi tarehe 2 Januari 1967 na kustaafu tarehe 30 Juni 2002 bila barua hata moja ya onyo. Tarehe za ndoa, ubatizo na mazishi ya usharika mzima alikuwa nazo kichwani.

Kila Jumapili alisimama mlangoni kupokea waumini, na mkewe nyuma ya bega lake akimnong'oneza: "Anayekuja ni mwinjilisti. Huyu ni mama wa bwana harusi wa jana."

Mzee akachoka. "Mama Elinami, mbona unanitajia watu ninaowajua? Miezi saba sasa, wimbo ni huo huo! Kichwa chako kimeanza kuvuja."

"Labda, Baba Elinami."

"Si labda! Nitakupeleka ukapimwe."

"Twende. Ila uingie wewe kwanza, maana ile mashine naiogopa."

Wakaenda Jumatatu, tarehe 9 Machi 2015. Daktari aliwauliza wote wawili maswali marefu, kisha akaagiza wote wapigwe picha za ubongo.

"Hata mimi?" Mzee akacheka. "Daktari, niulize siku lami ilipofika mjini, nitakutajia na saa!" Hata hivyo, ili mkewe asiogope, alivua saa na mkanda, akalala, mashine ikamgongea kichwani kama mafundi wa bati.

Alasiri daktari akapachika picha mbili kwenye kioo chenye taa. Ubongo mmoja ulikuwa umejaa vizuri ndani ya fuvu. Wa pili, mifereji yake ilikuwa imepanuka, na ile sehemu ndogo ya ndani inayopokea kumbukumbu mpya ilikuwa imesinyaa kama ndizi iliyosahauliwa juani.

Mzee akamshika mkewe mkono. "Pole, Mama Elinami. Si nilikuambia?"

Daktari aliweka kidole chini ya ile picha ya pili, mahali palipoandikwa jina. Lilikuwa jina la mzee.

Je, mngekuwa ninyi, mngesema nini? Mzee alilisoma mara tatu. Kisha akaketi.

"Mke wangu, umejua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, tarehe 17 Agosti 2014," akajibu. "Ulinipa mkono pale mlangoni, ukasema, 'Karibu, dada. Umetokea usharika gani?' Nikakuambia nimekuja na mume wangu. Ukasema, 'Msalimie sana.'"

Ndugu zangu, tangu niusikie mkasa huo sijatulia. Kumbe ule mnong'ono ulioitwa ugonjwa ndio uliomsimamisha mzee wetu mlangoni miezi saba, asiaibike hata mara moja! Na sisi je? Ni nani tumemwandikia cheti cha ubovu, tukamtangaza kwa jirani na kwa ndugu, naye kumbe ndiye anayeziba nyufa zetu? Nani kati yetu amewahi kukubali kulala wa kwanza chini ya mashine ile? Tumekuja hapa leo, kila mmoja na orodha ya watu wanaohitaji kupimwa. Jina letu halimo.

Kabla hatujaitikia amina, kila mmoja ageuke amtazame aliyekuja naye. Mtazameni vizuri. Je, mnamfahamu?