Simu Iliyopigwa Siku ya Sendofu

Zimeni simu zenu kwanza. Si ubabe. Hadithi yenyewe iliharibikia kwenye simu, na sitaki iharibike tena nikiwa katikati. Mkishazima mkae vizuri, maana mwishoni watakaofanya kazi ni ninyi, si mimi.

Katika mji mmoja wa milimani, wenye baridi na migomba, palikuwa na hospitali, na hospitalini hapo watu watatu walitunza mitambo ya kompyuta. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Gwakisa alijaliwa kuwaza mabaya. Ukimwonyesha daraja jipya, macho yake yanatafuta mahali litakapokatikia. Ukimwalika harusini, anauliza jenereta iko wapi. Wenzake walimtania kwamba hata chai anainusa mara mbili kabla ya kunywa, lakini mitambo ilipoharibika, mara nyingi iliharibikia palepale alipopataja.

Faines alijaliwa sauti. Ndiye aliyetangaza kwenye vipaza sauti vya hospitali. Mtu aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, akimsikia Faines akisema, "Tunaomba radhi, daktari yuko njiani," alitulia na kukunja mikono, hata kama daktari mwenyewe bado anaoga nyumbani kwake. Sauti ile hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Tusekile alijaliwa kuitika. Wazazi wake walifariki akiwa msichana, wakamwachia mdogo wake, Bupe, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua. Tangu siku hiyo Tusekile akawa mtu wa kuitika. Ukimwita haulizi kuna nini, anauliza uko wapi. Alimlea Bupe, akamsomesha, akamfundisha kusuka na kubishana, na sasa Bupe amepata mchumba na sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa, imepangwa Jumamosi.

Hao watatu walipendana, hilo mlijue mapema. Tusekile na Faines walikaa meza moja na kula sahani moja. Kitenge cha sare ya sendofu walikwenda kukichagua pamoja, ingawa Faines alijua Jumamosi hiyo ana zamu. Alishona hivyo hivyo. Alisema ataivaa kazini ili na yeye awe yupo.

Sasa, kampuni moja ya programu ilikuwa imetengeneza kitu kipya. Kilikuwa hivi: seva moja, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu, inagawanywa ndani kwa ndani iwe seva nyingi, kama nyumba moja yenye vyumba vya wapangaji. Mpangaji mmoja ni maabara, mwingine ni duka la dawa, mwingine ni wodi ya wazazi. Na nyumba moja ikiungua, programu inawahamishia wapangaji nyumba ya pili bila hata kikombe kuvunjika. Ndivyo walivyoahidi. Kabla ya kuiuza popote, waliomba hospitali ile iijaribu kwenye seva za pembeni, zenye kumbukumbu za watu wa kubuni, huku wagonjwa wa kweli wakibaki kwenye mitambo ya zamani.

Wakaijaribu. Walichomoa nyaya, wakazima umeme, wakajaza kumbukumbu mpaka pomoni. Tusekile ndiye aliyeandika maelekezo ya kuwasha upya, na ndiye aliyeshika nywila. Bonyeza kitufe mara moja, subiri taa igeuke kijani. Kila jaribio alibonyeza mara moja, akasubiri, na taa ikageuka kijani. Programu ikafaulu kila kitu. Jumatatu mganga mfawidhi, Daktari Mwakalukwa, angetia saini, na hospitali nzima ingehamia humo.

Wote walifurahi isipokuwa Gwakisa.

"Haiwezekani," alimwambia Faines Jumamosi hiyo. "Tumeipima tukiwa tumetulia, tumeshiba, tunajua ni majaribio. Siku ya kweli ataiwasha mtu anayetetemeka. Huyo hatujampima."

"Basi tetemeka wewe."

"Siwezi kujitisha mwenyewe. Tusekile ndiye mwenye nywila. Mpigie. Mwambie nimehamisha maabara kwenye programu mpya bila kuwaambia, na sasa imekufa. Nikimpigia mimi atajua nawaza mabaya yangu ya kila siku. Wewe atakuamini."

"Leo? Gwakisa, leo ni sendofu ya Bupe!"

"Ndiyo maana leo. Ukumbi uko hapo chini, atafika na kurudi kabla keki haijakatwa. Jumatatu wanatia saini, Faines. Kukiwa na shimo, tutatumbukia na wagonjwa."

Faines akaishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho Gwakisa akaizima maabara ya majaribio, na Faines akapiga.

Ukumbini Tusekile alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlezi, kiti kilichopambwa kwa kitambaa cheupe, mbele kabisa. Mnajua taratibu. Binti anaingia akicheza, anabeba keki ya wazazi, anapiga magoti mbele ya waliomlea na kuwashukuru watu wote wakisikia. Kwa Bupe walikuwa hawapo baba na mama, alikuwepo Tusekile peke yake. Kwa miaka yote ile ya kubeba na kusuka, hakuwahi kudai kitu zaidi ya dakika ile moja.

Simu ikaita.

"Tuse, mitambo imekufa. Gwakisa alihamisha maabara leo asubuhi bila kutuambia. Hawaoni kundi la damu la mtu yeyote." Hapo Faines akasita kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo Gwakisa hakumtuma. "Kuna mama wodi ya wazazi anavuja damu."

"Nakuja," alisema Tusekile.

Alitoka na gauni lake refu, viatu mkononi, akarukia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Nyuma yake ngoma zilikuwa zimeanza.

Alipoingia chumba cha seva hakumsalimu mtu. Aliweka nywila, akabonyeza kitufe. Taa haikugeuka papo hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba usubiri, lakini mama anavuja damu, nani asubiri? Akabonyeza tena, na tena, kwa ngumi.

Na programu ikamtii kila alipobonyeza. Ilimwasha mpangaji yule yule, maabara, katika nyumba mbili kwa wakati mmoja. Maabara mbili zikaanza kuandika katika kumbukumbu moja, kila moja ikifuta maneno ya mwenzake. Wakatazama skrini, wakaona mgonjwa mmoja ana kundi la damu la mwingine, na yule mwingine ana la mtu wa tatu. Walikuwa watu wa kubuni, lakini Jumatatu wangekuwa mama zenu na watoto wenu.

"Tumelipata!" Gwakisa alipiga kelele, akarusha mikono juu. "Nilisema! Nilisema lipo shimo!"

Tusekile alimgeukia akihema. "Yule mama yuko hai?"

"Mama gani?" aliuliza Gwakisa.

Tusekile akamtazama Faines. Faines alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kile kitenge walichokichagua pamoja.

"Hakuna mama, Tuse," alisema, kwa sauti ile ile nzuri. "Nilijua bila yeye ungechelewa. Ungesubiri kwanza keki."

Jamani, nimesimulia visa vingi vya watu kutendana ubaya, na matusi na ngumi nimeviona. Lakini hili linaniuma, kwa sababu Faines hakukisia. Alimjua rafiki yake ndani na nje, na kile alichokijua ndicho alichokitumia. Tusekile hakulia wala hakutukana. Alivaa viatu vyake, akashuka.

Alipofika ukumbini watu walikuwa wanakula. Bupe alikuwa ameshaingia akicheza. Mshereheshaji alikuwa amesogeza muda, akatania, akapiga wimbo mmoja zaidi, mwisho akaishiwa. Bupe alikuwa amepiga magoti na keki yake mbele ya kiti chenye kitambaa cheupe, akatoa shukrani zake zote kwa kiti, watu wakainamisha vichwa. Dakika hiyo ikapita, na haina namna ya kurudiwa.

Jumatatu hapakuwa na saini. Kampuni ilipewa habari Jumamosi ile ile, ikaliziba lile shimo, ikashukuru sana. Ikasema toleo litakalotoka, litakalotumika katika hospitali nyingi za nchi hii, litapewa jina la mtu wa hospitali ile aliyelifichua kosa. Jina moja tu, na lipatikane siku hiyo hiyo. Daktari Mwakalukwa akawaita wote watatu ofisini.

"Ni langu," alisema Gwakisa. "Programu ilishafaulu, wote mlikuwa mnashangilia. Bila wazo langu leo hii mngekuwa mnamwekea mtu damu isiyo yake. Kama kumpima mtu kwa kumtisha ni kosa, basi ataogopa kwa mara ya kwanza siku ambayo si majaribio."

"Wazo halina miguu," alisema Faines taratibu. "Wewe ungempigia, asingeinuka. Alikuja kwa sababu ya sauti yangu, na nimeilipia sauti hiyo kuliko ninyi mnavyojua. Tangu Jumamosi nikitangaza kwenye vipaza sauti najisikia mwongo."

Daktari akamgeukia Tusekile. "Na wewe, mama? Mkono uliolifichua kosa ni wako."

"Mimi sikupima kitu, Daktari. Mimi ndiye niliyepimwa," alisema Tusekile. "Kampuni iliwapa ruhusa kabla hamjaivunja programu yake. Mimi mliniomba lini?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukagongwa, akaingia Bupe. Alikuwa amekuja kumchukua dada yake waende kwa fundi wa gauni la harusi, akawasikia akiwa kwenye korido. Mikononi alikuwa na kisanduku.

"Shikamoo, Daktari." Aliweka kisanduku mezani, akakifunua. Ilikuwa keki ya wazazi, haijakatwa. "Nilitaka kumpa dada nyumbani, akasema hawezi kuimeza. Naona mnahesabu nani ametoa nini. Huyu ametoa wazo, huyu sauti, dada katoa mkono. Mimi nimetoa sendofu yangu, nimeshukuru kiti mbele ya wakwe. Mbona mimi hamnihesabu?"

Daktari Mwakalukwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ni mtu aliyezoea kuamua nani aingie chumba cha upasuaji kwanza, lakini hapo aliiweka kalamu chini. Wodini, ng'ambo ya ukuta, mtoto mchanga alikuwa analia kwa nguvu, na mama yake akimbembeleza. Hao wawili hawatajua kamwe walichoepushwa.

Faines akainuka, akasogea hadi kwenye kiti cha rafiki yake.

"Tuse," aliita.

Akangoja. Akaita tena, chini zaidi, kwa sauti ile iliyotuliza benchi zima la wagonjwa.

"Tuse."

Na Tusekile, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuitwa akakaa kimya, alitazama keki na hakuitika.

Mimi nimefika mwisho wangu. Jina ni moja, na kampuni inasubiri kwenye simu. Liwe la Gwakisa aliyeliwaza shimo, la Faines aliyemleta mtu shimoni, la Tusekile aliyetumbukia, au la Bupe aliyeshukuru kiti? Na kabla hujanitajia jina, nijibu hili moja: ungekuwa wewe ni Tusekile, na kesho simu ikaita, ni sauti ya Faines, anasema kuna mama anavuja damu, ungeitika?

Je, wewe ungeamua vipi?