Birika la Mja Mchache wa Maneno

Wamesimulia waliotutangulia, nami nilibahatika kupokea na ile sehemu tamu ambayo wengine huiruka, kwamba alikuwapo mja mwema akiitwa Harmala, katika mji wa jangwani upatao mvua msimu mmoja tu kwa mwaka. Harmala aliuogopa ulimi wake usimtie motoni, akawa mchache wa maneno mno. Watu walitaniana: ukienda kumsikiliza Harmala, chukua na masurufu ya njiani.

Akanuia kujenga birika kubwa la kukingia maji ya mvua, liwe sadaka yenye kudumu. Akawaita wachimbaji na waashi, akasema, "Jengeni birika, kwa ikhlasi." Akarudi kwenye tasbihi yake.

Ikhlasi haikupungua. Wachimbaji, wakidhani ni la kunyweshea misafara, walichonga mteremko wa ngamia. Waashi, wakidhani ni la kutawadhia, waliuziba mteremko kwa ukuta. Hawa wakijenga, wale wakibomoa, na mawingu yamekwisha kutanda. Mvua ikipita bure, mji mzima utakunywa maji ya chumvi hadi mwakani.

Harmala akawakuta wameshikana kanzu.

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tulichelea, bwana wangu," akajibu Wabisa, mkuu wa wachimbaji. "Tusije tukawa Bani Israili, walioamriwa kuchinja ng'ombe wakazidisha maswali. Mara rangi gani, mara umri gani."

Harmala akauona mlango wa kutokea: awalaumu wao, nani angemshuku mcha Mungu? Lakini mkewe, Bi Lubaba, aliyewaletea wajenzi tende, akamwambia taratibu, "Wale wangechinja ng'ombe yeyote, ingetosha. Wewe, bwana, birika lolote lingekutosha?"

Harmala akajibu, "Astaghfirullah. Kosa ni langu. Nimeupenda ukimya wangu kwa kuwa watu wanausifu."

Akaketi mchangani, akanena kuliko alivyonena mwaka mzima. Maji ni ya kunywa watu. Kina kipite kimo cha mtu. Juu lifunikwe. Wanyama wajengewe hori lao la kunywea nje.

"Sasa niambieni, mmesikia nini?"

Wakamrudishia neno kwa neno. Wabisa akakohoa. "Na ngazi ya kushukia?"

"Sikuifikiria. Iwepo. Uliza tena."

Mvua ilipoteremka, birika lilikuwa tayari, na kata ya kwanza ya maji alinywa Wabisa. Harmala alirudia ukimya wake, ila kila alipompa mtu kazi hakuondoka bila kuuliza, "Umesikia nini?"

Enyi waumini, kunyamaza ni pambo. Lakini anayekufanyia kazi ana haki ya kujua unachotaka, na ukimficha umemdhulumu kabla hajashika jembe.